Sanduku la Mjomba

Wifi yangu alibonyeza kitufe, feni ikajizungusha kidogo kama mtu anayegeuka kitandani, halafu ikalala. Akabonyeza tena. Feni ikageuka, ikalala. Kioo kilibaki cheusi, kikatuonyesha sura zetu wenyewe: yeye mbele, ndani ya sare yake ya maabara iliyopigwa pasi hadi ikasimama, na mimi nyuma yake na kikombe cha chai nilichomletea.

"Umeme umerudi kweli?" nikauliza.

"Wifi, feni ingezungukaje bila umeme?"

Mimi maswali yangu mengine huwa ya kujaza chumba tu.

Ilikuwa asubuhi ya mtihani. Wifi yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Hadubini kwa sababu anafanya kazi maabara ya zahanati, na pia kwa sababu hakuna kitu asichokichungulia kwa karibu, alikuwa msaidizi wa maabara tangu kabla sijaolewa katika nyumba hii. Msaidizi maana yake kazi yote unafanya wewe, sahihi anatia mwingine. Mtihani huo ulikuwa wa kumfanya mtaalamu kamili. Tena ulikuwa wa mwisho wa aina yake, maana mtaala ulikuwa unabadilika, na yeyote ambaye angekosa kufaulu awamu hiyo alitakiwa kurudi kuanza mwaka wa kwanza, benchi moja na watoto waliomaliza shule juzi. Yeye alishasema mbele yetu sote kwamba harudi. "Nikiukosa huu, nitaosha vichupa vya watu mpaka nistaafu."

Mtihani wenyewe unafanyiwa nyumbani, peke yako chumbani, kamera inakutazama. Na si kwa kompyuta yoyote. Wiki iliyotangulia alikuwa ameweka programu yao, ikaipekua mashine yake ndani na nje kama askari wa getini, ikaisajili. Mashine hiyo na hiyo tu. Mlango wa kuingia unafunguliwa saa nne, unafungwa saa nne na nusu, ukichelewa umechelewa.

Na mashine hiyo alikuwa ameiunda mwenyewe. Bodi kubwa ile inayobeba kila kitu aliitoa kwenye kompyuta iliyotupwa na zahanati. Memori alipewa na binamu yake, feni ilitoka kwa rafiki, kibodi nilimpa mimi, ile yenye herufi zilizofutika. Vyote alivipanga juu ya kipande cha mbao pembeni mwa meza, wazi, nyaya zimelala huku na huku kama utumbo. Wageni walikuwa wakija kwetu, na kwetu wageni hawakatiki, wanaitazama wanacheka. "Hii nayo inawaka?" "Imefanyiwa upasuaji?" Lakini ikiwashwa inawaka. Hakuna siku ilipomwangusha.

Aliyekuwa hapendi ni Mjomba.

Mjomba ni kaka yake mama mkwe wangu, mchomeleaji, na katika familia hii huyo ndiye ukuta. Baba yao alipofariki, wifi yangu na mume wangu wakiwa bado wadogo, ni yeye aliyebeba mzigo. Geti la nyumba hii kalitengeneza yeye. Madirisha, yeye. Kitanda ninacholalia na mume wangu, yeye, na nikwambie ukweli, hicho kitanda watakizika wajukuu zetu na bado kitakuwa hakijalegea. Mjomba hajui kutengeneza kitu dhaifu. Sasa mtu kama huyo, mpwa wake ana mtihani mkubwa, halafu wakaguzi wataamuru azungushe kamera waone chumba kizima. Alimwambia dada yake, nikisikia kwa masikio yangu: "Yaani watu wa serikali waone mashine ya mtoto wetu imelala uchi?"

Basi akaja siku moja wifi yangu yuko kazini, akapima kwa futi yake, akaondoka. Na jana yake, siku moja kabla ya mtihani, tena wifi yangu yuko kazini, akarudi na sanduku.

Mbele ya Mungu, lilikuwa zuri. Bati nene, limepigwa rangi ya bluu, matundu ya hewa yamekatwa kwa mstari kama mikato ya mkate, mlango wenye bawaba. Mama mkwe alimulika tochi, mimi nikashika nyaya, Mjomba akahamisha kila kitu kutoka kwenye mbao hadi ndani. Hata picha tulipiga. Wifi yangu aliporudi jioni umeme ulikuwa umekatika, akalikuta sebuleni kwenye mwanga wa mshumaa, Mjomba kasimama pembeni kama anayeozesha binti. Akamshukuru. Akamshika mikono yote miwili. Kisha akalizunguka sanduku polepole, akachungulia kwenye matundu, na kwa giza lile hakuona kitu; tukalibeba hadi chumbani kwake.

Umeme ulirudi alfajiri.

"Ngoja nifungue," wifi yangu akasema sasa, akavuta mlango wa sanduku.

Nikamwona anatazama. Akainama. Akapeleka tochi ya simu ndani, chini ya bodi, akaishikilia pale muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Nini?"

"Hakuna kitu," akasema. "Nitaanza na memori."

Sasa mimi si fundi, lakini nimeishi na huyu mwanamke, na nimekaa saluni miaka mingi nikisikiliza wanawake wanaosema hakuna kitu. Kulikuwa na kitu.

Alichomoa memori, akaifuta meno yake kwa ufutio wa penseli, akairudisha. Akabonyeza. Feni ikageuka, ikalala. Akachomoa ile betri ndogo ya duara kama kifungo cha koti, akasubiri, akairudisha. Ikageuka, ikalala. Akatoa nyaya zote zisizo za lazima, akabakisha zile ambazo bila hizo hakuna maisha. Hivyo hivyo. Alikuwa anafanya kwa mpangilio, hatua baada ya hatua, kama anavyofanya kila kitu, lakini mikono ilikuwa inakwenda haraka kuliko macho.

Mama mkwe akaingia. "Imeamka?"

"Bado, mama."

"Labda imeogopa mazingira mapya."

Hakuna aliyecheka, maana hakuwa anatania.

Nyuma yake akaingia Mjomba, amevaa shati lake la sherehe, amekuja kumtakia mpwa wake heri kabla mlango wa chumba haujafungwa. Wifi yangu akainuka kitini.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, daktari wangu. Vipi, kasri umelionaje kwenye mwanga?"

"Zuri sana, Mjomba."

"Gusa hapo." Akaligonga sanduku kwa kiganja, likaita kama kengele. "Hiyo bodi haiendi popote. Nilifikiria skrubu, nikasema skrubu zinalegea, mtoto atakuwa katikati ya mtihani kitu kianze kucheza. Nikapiga ripiti. Imelala bapa kwenye bati, hata tetemeko la ardhi litaikuta imekaa."

Ripiti, kama hujawahi kuona, ni ule msumari wa bati unaopigwa mara moja tu. Ukishaingia hautoki, mpaka utobolewe kwa drili.

Nilimtazama wifi yangu. Alikuwa anatazama sakafu. "Ahsante, Mjomba," akasema.

Nikatoka uani, nikampigia Chaji. Chaji ni fundi simu wa hapo kona, kijana mzima mwenye watoto wawili na mdomo usio na mlango, lakini anajua umeme mdogo mdogo. Nikamwambia njoo sasa hivi na mita yako. Akaja anakimbia, kandambili mkononi.

Alipofika, Mjomba alikuwa amekalia ukingo wa kitanda, mama mkwe kando yake, wote wamepanga mikono mapajani kama wanasubiri zamu hospitalini. Chaji akasalimia, akainamisha kichwa ndani ya sanduku.

"Eh! Nani huyu kaipigilia..."

Nikamkanyaga. Sikumgusa, nilimkanyaga, kisigino chote juu ya dole gumba.

"...kaipigilia kazi nzuri hivi," Chaji akamalizia, machozi yakimlengalenga.

"Mimi hapo," Mjomba akasema, akitabasamu.

"Hongera, mzee."

Akapima. Akatoa saplai, lile boksi linaloleta umeme, akalipima peke yake. "Hili zima," akasema. Akalirudisha, akapima tena huku amenipa mgongo kwa usalama wa vidole vyake. Kisha akamwangalia wifi yangu, wifi yangu akamwangalia, na mimi nikawaangalia wote wawili. Hapo ndipo nilipoelewa yote bila kuambiwa. Mgongo wa bodi ile umejaa ncha ndogo ndogo za risasi ya kulehemu, kila ncha ina njia yake ya umeme. Juu ya mbao hazikuwa na neno, maana mbao haipitishi. Mjomba alikuwa amezilaza zote juu ya bati na kuzibana hadi mwisho. Pale panapotakiwa vinguzo vidogo vya kuinua bodi isiguse chuma, yeye aliona uwazi, na uwazi kwa mchomeleaji ni kazi mbovu.

"Ni nini, wanangu?" Mjomba akauliza.

"Tunaangalia angalia, mzee," Chaji akasema.

"Angalieni tu. Mkitaka nishike kitu mniambie."

Kusema kweli, kumwambia kulikuwa rahisi. Ni maneno machache. Lakini hebu jaribu wewe. Mtu aliyekulisha, amevaa shati la sherehe, amekaa kwenye kitanda alichokitengeneza, anakuuliza ashike nini. Mama mkwe mwenyewe alishanusa, nikaona anavyovuta kanga yake mabegani huku akimtazama bintiye kwa jicho la kumwomba anyamaze na jicho lingine la kumwomba aseme.

Nikasema ngoja nijaribu upande wangu. Nikachukua namba ya watu wa mtihani, nikapiga nikiwa koridoni. Simu ikalia, ikapiga muziki, mwishowe akapokea dada mmoja mwenye sauti ya asali.

Nikamweleza. Nikamwambia fundi yuko hapa, kibandani kwake ana kompyuta ya mapajani, nzima, safi, tunaweza kuitumia sasa hivi?

"Mtahiniwa anatumia kifaa kilichosajiliwa tu, dada yangu."

"Kimekufa."

"Pole sana. Usajili wa kifaa ulifungwa wiki iliyopita."

"Na akifika ofisini kwenu mwenyewe?"

"Mtihani haufanyiki ofisini, dada yangu."

"Sasa afanye nini?"

Akafikiria, nadhani kwa dhati kabisa. "Awashe kifaa chake," akasema.

Niliporudi chumbani wifi yangu alinisoma usoni, hakuuliza. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nne. Akafuta mikono kwenye sare yake, kitu ambacho hajawahi kufanya, akamgeukia Mjomba na kupiga goti moja mbele yake, ule upigaji goti wa kumpa mtu mzima maji ya kunawa.

"Mjomba, naomba drili yako."

"Ipo kwenye mfuko wangu hapo nje. Ya nini?"

"Nataka kuitoa bodi."

"Kuitoa wapi?"

"Kwenye sanduku."

Mjomba alimtazama, akamtazama Chaji, akanitazama mimi, na sote tukapata vitu vingine vya kutazama. Kisha akaliangalia sanduku lake. Si mjinga yule mzee. Maisha yake yote amefanya kazi na umeme mkubwa, anajua chuma kinaufanyia nini. Kitu ambacho hakukijua ni kwamba umeme mdogo namna ile, wa kitu cha mezani, nao una tabia zilezile.

"Inagusa," akasema polepole.

"Inagusa, Mjomba."

"Tangu saa ngapi mnajua?"

Mama mkwe akaanza kusema kwamba siyo lazima iwe hiyo, huenda ni kitu kingine kabisa, vitu vya siku hizi havina ubora. Mjomba akamwinulia mkono kidogo.

Alileta drili yeye mwenyewe. Wifi yangu alitaka kuishika, akamkatalia. Akapiga magoti mbele ya sanduku na shati lake la sherehe, Chaji akashikilia bodi isitikisike, mimi nikatandaza gazeti. Drili ikalia nyumba nzima. Vichwa vya ripiti vikaruka kimoja kimoja, unga wa chuma ukawa unamwagika juu ya bodi, na wifi yangu anaupuliza kwa mdomo, anaufuta kwa brashi yangu ya nyusi, anapuliza tena. Ripiti ya pembeni kabisa ikagoma. Ilikuwa inazunguka pamoja na ncha ya drili, haikatiki. Mjomba alikuwa anatoka jasho mpaka kwenye kidevu.

"Nilizibana sana," akawa anasema, si kwa mtu. "Nilizibana sana hizi."

Saa nne ikafika. Simu ya wifi yangu ikatoa mlio: mlango umefunguliwa, karibu.

Ripiti ikakatika. Wakainua bodi, wakaigeuza, na hapo Chaji akatoa sauti kama mtu aliyemeza vibaya. Mgongoni, karibu na mahali saplai inapoingizia umeme, palikuwa na alama nyeusi ndogo, duara, saizi ya punje ya dengu. Ukiinusa, unasikia harufu ya kuungua.

"Jaribu hivyo hivyo," mama mkwe akasema.

Wakailaza juu ya meza, juu ya ule ule ubao wake wa zamani. Wifi yangu akaunganisha nyaya, taratibu sasa, kila moja mahali pake. Memori. Feni. Kioo. Akabonyeza.

Safari hii hata feni haikugeuka.

Akabonyeza tena. Chaji akapima hapa, akapima pale, akaweka mita chini. Wifi yangu akachukua mita akapima mwenyewe, sehemu zilezile. Akabadilisha waya. Akabonyeza. Mama mkwe alikuwa ameanza kuomba kwa kunong'ona, na Mjomba alikuwa bado kapiga magoti pale sakafuni katikati ya vipande vya ripiti, drili mkononi, kama kwamba huenda bado kuna kitu cha kutoboa.

"Zipo bodi kama hii mjini?" nikamuuliza Chaji koridoni.

"Zipo. Lakini ile programu yao inaitambua bodi yenyewe, shemeji. Ukibadilisha bodi, kwao ni mashine ngeni."

"Kwa hiyo?"

Akainua mabega. Chaji, mtu ambaye hajawahi kukosa neno, aliinua mabega akayaacha huko huko juu.

Wifi yangu aliendelea kujaribu. Nataka ijulikane hivyo. Kila aliyekuwepo alishakata tamaa, tumesimama tu kama samani, lakini yeye aliendelea, memori hii tundu hili, memori hii tundu lile, mpaka saa nne na nusu ikapita na simu ikatoa mlio tena. Akaisoma. Akaiweka mezani, kioo juu. Nikachungulia. Ilisema: Mtahiniwa hakuhudhuria.

"Wamesema nini?" mama mkwe akauliza.

"Wamesema sikuhudhuria."

"Si uwaambie ulikuwepo?" Mama mkwe alisimama. "Waambie. Umevaa sare tangu alfajiri, sote tumekuona umekaa hapa. Hujaenda hata kunywa chai."

"Nitawaambia, mama."

"Hakuhudhuria vipi mtu yuko hapa?"

"Nitawaambia."

Mjomba akanyanyuka kwa kushikilia meza. Magoti ya suruali yalikuwa yamejaa unga wa chuma. Akaniomba ile namba niliyopiga. Nikamwambia Mjomba, nimeshaongea nao. Akasema, "Hukuongea nao mimi nikiwepo." Basi nikampigia, nikamwekea spika, nikamkabidhi simu.

Ikalia. Ikapokewa na sauti ya kike, ile ya asali, lakini safari hii haikuwa ya mtu. Ilikuwa ile ya kurekodiwa, inayokushukuru kwa kupiga na kukuomba usubiri.

"Habari za kazi, mama," Mjomba akasema. Alikuwa amesimama wima, mkono mmoja kifuani. "Samahani kwa usumbufu. Mimi ni mjomba wa huyo binti mliyeandika hakuhudhuria."

Sauti ikasema simu yetu ni muhimu kwao.

"Nashukuru. Sasa nataka nieleze, kosa si lake. Mashine yake ilikuwa nzima. Ni mimi niliyeitengenezea sanduku."

Muziki ukapiga kidogo. Mjomba akasubiri uishe, kwa adabu, akidhani yule mama amekwenda kumwita mkubwa wake. Sauti iliporudi tena akaendelea palepale alipoishia, akieleza habari ya bati, unene wake, habari ya skrubu na kwa nini aliziona hazifai. Chaji alifungua mdomo, nami safari hii sikuhitaji kumkanyaga, aliufunga mwenyewe. Mama mkwe alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno, kumpa nguvu kaka yake.

Wifi yangu alivuta kiti, akakisogeza nyuma ya Mjomba taratibu, akamgusa bega akae. Mjomba akakaa, simu mdomoni, hajakatisha sentensi. Naye akabaki amesimama nyuma yake, akimpangusa unga wa chuma kwenye shati.